Paul Robeson, mwigizaji wa jukwaa na filamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Paul Robeson likitajwa, watu huuliza mambo yale yale: kuhusu Othello, kuhusu Kenyatta, kuhusu Urusi, kuhusu ile sauti. Majibu yako hapa chini. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi. Yanayohusu filamu yamerefuka, maana huko ndiko anakoeleweka vibaya zaidi.

Paul Robeson alikuwa nani?

Mwigizaji na mwimbaji Mmarekani mweusi. Alizaliwa Princeton, jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898, akafariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Kabla ya umaarufu alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani na mwanasheria. Alicheza filamu kama kumi na mbili, akapanda jukwaani kama Othello, jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, katika maandalizi matatu tofauti: London 1930, New York 1943 na Stratford 1959. Baadaye serikali ya nchi yake ilimnyang'anya pasipoti kwa miaka minane. Kwa kimo alikuwa karibu mita 1.9, na sauti yake ilikuwa besi nzito ambayo ukiisikia mara moja huisahau.

Ni kweli baba yake aliwahi kuwa mtumwa?

Ni kweli kabisa. William Drew Robeson alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano. Alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, akawa mchungaji. Mama, Maria Louisa, alikuwa mwalimu. Alifariki mwaka 1904 baada ya nguo zake kushika moto wa jiko la makaa, Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Kwa hiyo kijana alilelewa na mzee aliyetoka utumwani na aliyejua thamani ya neno kutamkwa sawasawa. Baba alimsimamia kukariri hotuba na kumsahihisha matamshi. Anayetafuta chuo cha uigizaji cha Robeson akitafute hapo, nyumbani kwa mchungaji, kwa sababu kingine hakuna.

Basi hakusomea uigizaji?

Hakusomea. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, akiwa mwanafunzi wa tatu mweusi katika historia ya chuo hicho. Katika mazoezi ya kwanza ya mpira wenzake weupe walimvunja pua na kumkanyaga mkono kwa viatu vya njumu. Alirudi uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo wa Marekani nzima, na mwaka 1919 alihitimu akiwa ndiye mwanafunzi aliyeteuliwa kutoa hotuba ya darasa lake.

Kutoka hapo alikwenda kusoma sheria Columbia, akamaliza 1923, akaajiriwa na ofisi moja ya mawakili New York. Siku moja karani wa hatimkato alikataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi. Robeson akaacha kazi, na uwakili ukaishia hapo.

Aliyemsukuma jukwaani ni mkewe, Eslanda Goode, waliyeoana 1921. Eslanda alikuwa mkemia katika maabara ya hospitali, mwenye kichwa cha hesabu na mipango, na ndiye aliyekuja kusimamia mikataba na safari za mumewe. Ndoa yao ilipita misukosuko mingi, mingine ya kusababishwa na Paul mwenyewe, lakini hawakuachana hadi kifo cha Eslanda mwaka 1965.

Alianzaje kujulikana?

Kwa tamthilia mbili za Eugene O'Neill mwaka 1924, katika ukumbi mdogo wa kundi la Provincetown mjini New York. Moja, *All God's Chillun Got Wings*, inahusu mwanamume mweusi aliyeoa mwanamke mweupe. Kuna mahali mke anambusu mumewe mkono. Busu hilo la mkono lilitosha kuzua kelele magazetini na barua za vitisho hata kabla pazia halijafunguliwa.

Ofisi ya meya haikuwa na njia ya kuizuia tamthilia yenyewe, ikatafuta upenyo: ikakataa kutoa kibali kwa watoto walioigiza onyesho la mwanzo, ambamo weusi na weupe wanacheza pamoja. Usiku wa ufunguzi mwongozaji, James Light, akasimama mbele ya watazamaji na kuwasomea onyesho hilo kwa sauti. Kisha Robeson akatoka, mchezo ukaendelea, na hakuna aliyerusha hata jiwe.

Mwaka uliofuata, 1925, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya New York onyesho la nyimbo tupu za kiroho za watu weusi, zile zilizozaliwa mashambani enzi za utumwa. Wakati huo wasomi wengi waliona nyimbo hizo ni za kanisani tu, hazifai ukumbi wa muziki. Brown alimpigia piano kwa miongo mingi baada ya hapo.

Filamu yake ya kwanza ni ipi?

*Body and Soul* ya mwaka 1925, iliyoongozwa na Oscar Micheaux, mwongozaji mweusi aliyetengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi. Robeson anacheza watu wawili: mhubiri tapeli na ndugu yake mwema. Ni filamu bubu. Mtu mwenye sauti ile alianza kwa kufungua mdomo bila kusikika! Hata hivyo itazame: yule mhubiri anatisha kweli, na Robeson hakupata tena nafasi ya kucheza mtu mbaya wa kiwango hicho.

Na *The Emperor Jones*?

Hiyo ni ya 1933, kutokana na tamthilia nyingine ya O'Neill. Robeson ni Brutus Jones, mfanyakazi wa treni anayetoroka gerezani na kujitawaza mfalme wa kisiwa. Jina lake lilitangulia majina ya waigizaji weupe, jambo ambalo wakati huo halikuwa na kawaida. Mkataba wake ulikuwa na sharti kwamba hatapelekwa kurekodi katika majimbo ya Kusini, kwa hiyo ilirekodiwa New York, misitu ikijengwa studio.

Kisa cha mwigizaji mwenzake Fredi Washington kinaeleza zama zile kuliko kitabu kizima. Alikuwa mweusi mwenye ngozi nyeupe sana. Wakaguzi waliziona picha zake akiwa na Robeson wakaogopa watu watadhani mwanamke mweupe anakumbatiwa na mwanamume mweusi. Picha zikarudiwa, na Fredi akapakwa rangi ili aonekane mweusi zaidi.

Ni kweli Jomo Kenyatta alicheza filamu na Robeson?

Ndiyo. Filamu ni *Sanders of the River*, iliyotoka 1935. Kenyatta alikuwa akiishi London kwa shida za kifedha, na kama Waafrika wengine wa jijini alichukua kazi ya mwigizaji wa ziada. Anaonekana kama mmoja wa machifu, bila kutajwa jina. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa kando ya mto Thames, kwenye studio ya Shepperton. Zoltan Korda, mwongozaji, alikuwa ameshasafiri Afrika akarudi na picha halisi za ngoma, mitumbwi na mito, na ndizo zilizomvutia Robeson. Aliona nafasi ya kuuonyesha ulimwengu utamaduni ambao alikuwa akiusoma vitabuni.

Matokeo yake ni filamu ya kumsifu afisa wa kikoloni. Inaanza kwa maandishi yanayowatukuza Waingereza wachache wanaotawala mamilioni, na Bosambo, mhusika wa Robeson, ni chifu mtiifu anayefurahi kumtumikia Bwana Sanders. Kwa maelezo ya Robeson mwenyewe, sura hiyo ya kikoloni ilikolezwa mwishoni, alipokuwa ameshamaliza kazi yake. Magazeti ya watu weusi yalimshambulia, naye baadaye aliikana filamu hiyo hadharani.

Wapo wanaomlaumu kwamba alipaswa kujua. Nami naona alipaswa: hadithi zilikuwa za Edgar Wallace, na hakuna aliyezisoma akatarajia kitu kingine. Lakini kuna jambo ambalo walaumu hulipita haraka. Jukwaani mwigizaji akishatoka hakuna wa kumkata. Anachokifanya ndicho watu wanachokiona. Kwenye filamu anayeamua ni mwenye mkasi kwenye chumba cha uhariri. Robeson alijifunza hilo kwa *Sanders*, na filamu zake zilizofuata zinaeleweka vizuri ukiuliza kwanza mkasi ulikuwa kwa nani.

Baada ya hapo alibadilisha nini?

Alianza kudai haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatoka. Aliipata kwa *Song of Freedom* (1936), hadithi ya kuli wa bandarini London anayegundua ana asili ya kifalme Afrika. Kisa ni cha kubuni tu, na Afrika yake ni ya maturubai yaliyochorwa, lakini kuna onyesho la nyumbani, mume na mke weusi wakizungumza kwa upole na utani kama mume na mke yeyote. Kwa miaka hiyo hilo lilikuwa jambo adimu.

Iliyomridhisha zaidi ni *The Proud Valley*, ya 1940. Anacheza David Goliath, baharia asiye na kazi anayefika bonde la wachimba makaa ya mawe huko Wales, anapokewa kwa sababu ya sauti yake kwenye kwaya, kisha anashuka nao mgodini. Yapo mazungumzo ambapo mchimbaji mmoja anamkataa kwa rangi yake, na mwenzake anajibu kwamba huko chini si wote ni weusi? Mzaha mwepesi, lakini nyuma yake kulikuwa na urafiki wa kweli: Robeson aliwajua wachimbaji wa Wales tangu alipokutana nao London wakiandamana huku wakiimba, mwishoni mwa miaka ya 1920, na aliendelea kuwachangia.

Kisha Hollywood ikamwangusha tena. Katika *Tales of Manhattan* (1942) yeye na Ethel Waters ni wakulima maskini wanaookota fedha zilizodondoka kutoka kwenye ndege na kudhani zimeshushwa na Mungu. Alipoona jinsi weusi walivyochorwa kama watoto wadogo, alitangaza kwamba Hollywood basi. Hakucheza tena filamu ya hadithi ya Hollywood. Alikuwa na miaka 44.

Alijua Kiswahili?

Alikisoma. Miaka ya 1933 na 1934 alisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, katika chuo cha London ambacho leo kinaitwa SOAS. Alipenda lugha kupita kiasi. Aliimba kwa Kirusi, Kijerumani, Kiyidishi, Kichina na nyingine nyingi. Tusimpambe lakini: hakuwa msemaji wa Kiswahili wa kukaa naye barazani mkapiga soga. Alikuwa mwanafunzi makini aliyetaka kuonyesha kwamba lugha za Kiafrika zina sarufi na fikra nzito, wakati ambapo Wamarekani wengi, weusi kwa weupe, hawakuamini hivyo.

Aliwahi kufika Afrika Mashariki?

Hapana. Afrika aliyoikanyaga ni Misri, alipokwenda kurekodi filamu ya *Jericho*, iliyotoka 1937. Waliofika kwetu ni mkewe na mtoto wao. Mwaka 1936 Eslanda, ambaye alikuwa ameanza kusomea anthropolojia London, alimchukua mwanawe Pauli, mwenye miaka minane, wakasafiri hadi Afrika Kusini na Uganda, ambako alikaa Toro kusoma maisha ya wafugaji. Safari hiyo ikawa kitabu chake *African Journey*, 1945. Kwa Afrika ya kuona kwa macho, mwulize Eslanda kuliko Paul.

Paul alibaki na siasa zake. Aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililokuwa New York, na wakati wa Hali ya Hatari Kenya baraza hilo lilipaza sauti kuwatetea Wakenya, yule mwigizaji wa ziada wa *Sanders* akiwa sasa kifungoni.

Kwa nini Othello yake inasifiwa kiasi hicho?

Othello ni mtu mweusi, jemadari, na kwa zaidi ya miaka mia tatu alikuwa akichezwa na weupe waliojipaka masizi. Hakuwa mweusi wa kwanza: Ira Aldridge, Mmarekani aliyehamia Ulaya, alimcheza karne ya 19. London mwaka 1930 Robeson alifundishwa matamshi na Amanda Aldridge, binti ya Ira, na bibi huyo akampa vipuli vya dhahabu ambavyo babake alivivaa katika nafasi hiyo hiyo.

Mchezo ulifanyika ukumbi wa Savoy. Mwaka mmoja kabla, mgahawa wa hoteli ya Savoy, jirani kabisa na ukumbi huo, ulikuwa umekataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake. Desdemona, mke ambaye Othello anamuua mwishoni, alikuwa Peggy Ashcroft, msichana wa miaka 22. Robeson alisema kwamba wiki za mwanzo alikuwa akijivuta nyuma jukwaani, asimkaribie mwanamke mweupe, kama mtu aliyefundishwa hivyo tangu utotoni. Wahakiki waliisifu sauti yake, ila mwili waliuona mzito.

New York 1943 ni habari nyingine. Mwongozaji Margaret Webster alihangaika kupata mtayarishaji, maana wengi waliogopa; Marekani haikuwa bado imemwona Othello mweusi akizungukwa na waigizaji weupe katika ukumbi wa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho New York. Wakajaribu kwanza Cambridge, Massachusetts, kiangazi cha 1942. Wanafunzi walipiga miguu sakafuni kwa shangwe, na watayarishaji waliokuwa wamejificha wakaanza kupiga simu. Mchezo ulifunguliwa Broadway tarehe 19 Oktoba 1943, Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago mchochezi, ukaonyeshwa mara 296. Hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kudumu muda mrefu hivyo Broadway. Baadaye walizunguka nchi, na Robeson alikataa kucheza ukumbi wowote unaowatenga watazamaji kwa rangi.

Alichokiongeza safari hii ni hoja. Othello wake haui kwa wivu tu. Anaua kwa sababu heshima yake, kitu pekee alicho nacho katika nchi ya watu, imechezewa. Anayemsoma Othello kama mgeni anayetegemewa vitani na kudharauliwa mezani ataona mara moja kwa nini watu wa Harlem, mtaa wa weusi New York, walifurika pale.

Ule wimbo wa mto je?

"Ol' Man River", kutoka mchezo wa muziki *Show Boat*. Aliuimba London 1928, New York 1932, na katika filamu ya 1936. Baadaye alibadilisha maneno. Mahali pa mtu aliyechoka kuishi na anayeogopa kufa, akaweka mtu atakayepigana mpaka kufa. Mwandishi wa mashairi, Oscar Hammerstein, hakupendezwa. Wasikilizaji wengi leo hawajui kwamba kuna maneno mengine.

Kwa nini jina lake lilipotea?

Lilipotezwa. Mwaka 1949, kwenye mkutano wa amani Paris, alinukuliwa akisema weusi wa Marekani hawatapigana na Urusi. Maneno yaliyosambazwa na mashirika ya habari hayakuwa yale aliyoyasema jukwaani, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Maonyesho yake yalifutwa nchi nzima. Agosti mwaka huo, huko Peekskill, New York, genge lilivamia mahali alipokuwa aimbe. Tarehe 4 Septemba alirudi akaimba mbele ya watu kama 20,000, akizungukwa na safu ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Wakati wa kutawanyika, magari na mabasi yalipopolewa mawe njiani huku polisi wakitazama.

Mwaka 1950 pasipoti ikachukuliwa na televisheni ikafungwa kwake. Kipato kilichokuwa kimepita dola 100,000 kwa mwaka kikashuka hadi elfu chache. Alitafuta mianya. Mwezi Mei 1952 alisimama juu ya lori mpakani mwa Marekani na Kanada, akawaimbia maelfu waliokuwa upande wa pili. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimbaji wa Wales kwa simu, yeye akiwa studio New York na wao ukumbini Porthcawl, nao wakamjibu kwa kwaya kupitia waya ule ule. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina haki ya kumnyima mtu pasipoti kwa imani zake, katika kesi ya mtu mwingine, naye akarudishiwa yake.

Alikuwa mkomunisti?

Alikana kuwa mwanachama wa chama, lakini mapenzi yake kwa Urusi hayakuwa siri. Alipofika Moscow mara ya kwanza, Desemba 1934, alisema hapo ndipo alipojihisi binadamu kamili. Mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1956 aliulizwa kwa nini asihamie huko. Alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, na atakaa hapo hapo na kudai sehemu yake kama wao.

Jibu zuri, na lilistahili makofi. Ila haliondoi deni jingine. Mwaka 1949, Moscow, alijua rafiki zake Wayahudi wako hatarini mikononi mwa serikali ya huko. Mwigizaji Mikhoels alikuwa ameshauawa. Kwenye onyesho lake alimtaja Mikhoels kwa heshima na kuimba wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi, jambo la ujasiri mkubwa pale. Aliporudi Marekani akawaambia waandishi kwamba hakuona ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Mshairi Feffer, aliyekutana naye safari ile, aliuawa 1952. Mashabiki wengi wa Robeson huliruka jambo hili, na sioni sababu ya kuliruka.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Migumu. Othello wa Stratford 1959 alikuwa wa mwisho. Novemba 1960 aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga jumba la opera la Sydney, wamekaa juu ya vyuma na chakula chao cha mchana. Mwaka 1961, Moscow, alijaribu kujiua. Alilazwa London, akapewa matibabu ya mshtuko wa umeme mara 54, kisha akatibiwa Berlin Mashariki. Alirudi Marekani Desemba 1963 na baada ya kifo cha Eslanda aliishi kwa dada yake Marian, Philadelphia, akikwepa waandishi. Mazishi yake yalifanyika Harlem, katika kanisa ambalo kaka yake Benjamin alikuwa mchungaji.

Nianze na filamu ipi?

*The Proud Valley*. Baada yake *The Emperor Jones*, kisha *Show Boat* ya 1936, hata kama ni kwa ajili ya dakika zile chache za wimbo. *Sanders* itazame ukiwa umeshamjua, si kabla. Othello kamili haikurekodiwa kwenye filamu. Kilichobaki ni rekodi za sauti za kikosi cha Broadway za mwaka 1944, ambazo zinapatikana mtandaoni. Tumia spika nzuri, za simu hazibebi besi ile.